Projekta na tableti zimeingia darasani lakini wanafunzi wamezidi kunyamaza, mnafanyaje wenzangu?

sayansi_darasani

Habarini wadau. Naombeni tusaidiane hapa maana nimefika njia panda. Nafundisha sayansi, watoto wa miaka 13 na 14, darasa lina watu 40 na kitu. Tumeletewa projekta, laptopu moja ya mwalimu na tableti 8, na maelekezo kutoka juu ni kwamba sasa ufundishaji umlenge mwanafunzi, teknolojia itumike, mwalimu asiwe ndiye kila kitu. Sawa, nimekubali, mi mwenyewe napenda haya mambo.

Sasa ninachokiona darasani ni kinyume kabisa. Nilipokuwa naandika ubaoni kulikuwa na zile dakika nimewapa mgongo, huku mmoja ananong'ona, huku mwingine anabisha, nikichora kitu nasikia "mwalimu hapo si mshale unaelekea huku?" basi tunaanza kubishana hapo hapo. Siku hizi napunguza mwanga, slaidi inatokea imeshakamilika na rangi zake na mishale yake, wote vichwa chini wananakili. Nikisogeza inayofuata naambiwa "mwalimu subiri hatujamaliza". Hilo ndo swali pekee ninaloulizwa kipindi kizima!

Tableti nimegawa kwa vikundi, mmoja anashika, wawili wanachungulia, waliobaki wanapiga soga zao. Video wanazipenda kweli ila ikiisha ukauliza mmeona nini unaambiwa "ilikuwa nzuri".

Tafadhali msinitajie majina ya apu mkaondoka, ya apu ninayo ya kujaza daftari. Nataka mtu aniambie kipindi chenyewe anakiendeshaje, anaanza na nini, watoto wanafanya nini yeye akiwa anafanya nini. Intaneti tunayo ila ni ya kusuasua.

fizikia_tu

Pole mwalimu, ila hilo limewakuta hata wakubwa. Kuna huyu Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, wanafunzi walikuwa wanamsifia, mitihani wanafaulu, hesabu ndefu ndefu wanazitoa bila shida. Akaja kuwapa jaribio la dhana tupu, hamna kukokotoa chochote, maswali ya kani na mwendo kwa lugha ya kawaida kabisa, mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu vile alivyofundishwa au ajibu vile yeye mwenyewe anavyoona mambo yalivyo. Hebu fikiria! Yaani mtu anakwambia kwa amani kabisa kwamba ya darasani ni ya darasani na kichwani kwake ana ya kwake. Kuanzia 1991 Mazur akapunguza kuhutubia, akageuza kipindi kiwe cha maswali na wanafunzi kufundishana.

Mi naifanya hivi. Projekta inaonyesha swali tu, hamna notsi. Mfano, lori zito na gari dogo yamegongana uso kwa uso, wakati yanagusana nani anamsukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? A lori, B gari dogo, C zinalingana, D inategemea nani alikuwa na kasi. Dakika moja kila mtu kimya anafikiri peke yake, hapo sitaki mnong'ono hata kidogo. Afu wanapiga kura. Natumia apu inaitwa Plickers, kila mtoto ana karatasi yake iliyoprintiwa alama nyeusi, ukiinyanyua upande mmoja uko juu ni A, ukiizungusha ni B, hivyo hivyo hadi D. Mi napitisha kamera ya simu yangu juu ya darasa inasoma karatasi zote, kila jina na jibu lake. Kifaa ni kimoja, changu. Na alama ya kila mtoto ina umbo lake kwa hiyo kumchungulia jirani hakumsaidii kitu.

Sasa sikiliza hapa ndo penyewe. USIONYESHE JIBU. Usionyeshe hata grafu ya kura, wakiona wengi wameenda A wote wanahamia A. Angalia mwenyewe kwenye simu. Mazur anapima hivi, kama waliopata ni wachache sana, chini ya kama asilimia 30, rudi nyuma ueleze upya, hawana cha kujadiliana. Wakiwa zaidi ya 70 eleza kwa kifupi songa mbele. Katikati hapo ndo utamu ulipo, unawaambia tafuta mtu aliyejibu tofauti na wewe, mshawishi. Dakika mbili tatu darasa linawaka moto. La lori wengi wataenda A kwa sababu wanaona gari dogo ndo linalobondeka, utasikia mmoja anamwambia mwenzake "kani ni ile ile, dogo lina masi ndogo ndo maana linarushwa", na mwenzake anakataa kata kata. Piga kura tena. Baada ya hapo ndo uje na kanuni ya tatu ya Newton, kwamba vitu viwili vikisukumana kani zao zinalingana, utashangaa wanavyokusikiliza maana sasa wana kesi inayosubiri hukumu.

Maswali kama hayo 2 au 3 kwa kipindi yanatosha kabisa.

chaki_bado_ipo

Naunga mkono ila nami nitie neno. Njia ya mwenzangu hapo juu haihitaji hata umeme, kadi nne zenye herufi zinatosha, au vidole mbele ya kifua ili wa nyuma asione. Simu inachoongeza ni kumbukumbu, kwamba kesho unajua nani na nani walikwama swali gani. Hicho ni kitu kizuri, nakikubali, ila tujue tunanunua nini.

Maana sisi walimu tunapenda kudhani kifaa kikifika na mabadiliko yamefika. Mnaukumbuka ule mradi wa laptopu moja kwa kila mtoto? Peru waligawa mashine kwa mamia ya maelfu, tathmini iliyotoka 2012 ikaonyesha matumizi ya kompyuta yalipanda sana, sawa, ila alama za hesabu na lugha hazikuonekana kupanda. Watoto wamepewa mashine, kipindi kimebaki kile kile. Halafu upande wa pili kuna ule uchambuzi wa 2014 uliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hesabu na uhandisi vyuoni, ukalinganisha mihadhara na vipindi ambavyo wanafunzi wanashughulishwa. Wa mihadhara walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 kuliko wenzao. Kilicholeta tofauti ni wanafunzi kushughulishwa, na baadhi ya vipindi hivyo vilikuwa ni karatasi na majadiliano tu.

Kwa hiyo mi nikiandaa somo nina swali moja tu, ile kazi ngumu ya kufikiri kwenye hii shughuli anaifanya nani? Slaidi iliyokamilika maana yake kazi ilishafanywa na wewe jana usiku, ulichagua mshale uende wapi, ulipanga nini kitangulie, ulipata mfano. Mtoto kabakiziwa kunakili. Sasa chukua slaidi ile ile, toa mishale yote, waambie wao waiweke. Hujaongeza apu hata moja.

sayansi_darasani

@fizikia_tu asante sana, hilo la kutoonyesha grafu sikuwa nimelifikiria na ni kweli wangehamia kwa wengi, nawajua. @chaki_bado_ipo umenigusa pabaya hapo pa jana usiku, nakesha kweli na hizo slaidi 😅

Bado tableti 8 zinanisumbua. Na kelele, mkuu wa shule akipita dirishani akasikia darasa linabishana namjibu nini? Na muhtasari wa somo lazima uishe.

glopu_mbili

Dada mwalimu mi nafundisha umeme kila mwaka nikwambie ninavyofanya na vifaa vichache.

Kuna PhET, vile vielelezo vya kwenye skrini ambavyo mtoto anavijaribu mwenyewe, vya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani, aliyevianzisha ni Carl Wieman mwaka 2002, huyo alishapata Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia akaamua kuhangaika na ufundishaji. Vya bure, na vingi unaweza kuvipakua vikafanya kazi bila neti. Kuna kimoja cha kuunga sakiti, una betri, waya, glopu, swichi, unaburuta na kidole unaunganisha.

Kosa kubwa la kielelezo kama hicho ni kuwapa watoto ukasema "haya chezeni" au kinyume chake ukawapa hatua 1 mpaka 15, bonyeza hapa kisha bonyeza pale. La kwanza linaleta fujo, la pili linaleta usingizi. Mimi kabla tableti haijawashwa kila mtoto anaandika utabiri kwenye daftari. Glopu mbili zinazofanana zimeungwa mfululizo kwenye betri moja, ipi itawaka zaidi, iliyo karibu na chanya au ya pili? Chora. Andika kwa nini. Weka jina lako. Wengi wao watasema ya kwanza, na sababu yao ina mantiki kabisa, umeme unatoka kwenye betri ukifika glopu ya kwanza unaliwa, ya pili inapata makombo.

Ndo sasa wanaunga. Kielelezo kinaonyesha elektroni kama vidude vya bluu vinatembea ndani ya waya, na wanaona kwa macho yao kwamba vidude vinavyoingia kwenye glopu na vinavyotoka ni kasi ile ile, hamna kilicholiwa, na glopu zote zinawaka sawa. Hapo kimya kinaingia, kile kimya kizuri. Mmoja atasema tableti imeharibika. Mwambie sawa, weka amita, kile kipima mkondo, kabla ya glopu na baada yake usome. Anasoma namba ni zile zile. Anarudi kwenye utabiri wake anaandika upya kwa maneno yake kwa nini, na hilo la mwisho ndo nasahihisha, la mwanzo sisahihishi kabisa na wanajua kwamba silisahihishi, la sivyo hawatothubutu kuandika wanachofikiri kweli.

Na kuna kikundi hakikosi kuunga waya moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri, betri inashika moto kwenye skrini, wanapiga kelele darasa zima linageuka. Waache! Waulize tu mkondo ulisoma ngapi kabla ya moto.

Kuhusu mtu mmoja kushika wengine soga, sheria yangu ni hii, ALIYESHIKA TABLETI HAAMUI. Yeye ni mikono tu, anafanya anachoambiwa na wenzake, akitaka kitu chake kifanyike anampa mwingine tableti. Kila swali jipya tableti inahama. Ukiweka hivyo watano kwenye tableti moja ni namba nzuri sana kwa sababu lazima waongee, mmoja hawezi kufanya bila kuambiwa na wale wanne hawawezi kufanya bila kusema. Mi nikiambiwa leo nichague kila mtoto na yake au moja kwa watano, kwa somo kama hili nachukua moja kwa watano bila kufikiri mara mbili.

Mkuu wa shule mwalike aingie akae kwenye kikundi kimoja, mpe aandike utabiri 😂

dogo_wa_mwisho_nyuma

Shkamoo walimu, mi ni mwanafunzi naomba nichangie. Zile kwizi za kwenye projekta ambazo anayewahi kubonyeza ndo anapata pointi nyingi na majina yanatokea mbele nani wa kwanza nani wa mwisho, sisi wengine hatuzipendi. Walimu wanaona tunapiga kelele wanajua tunafurahi lakini wanaoshangilia ni wale watano wa kila siku, wengine tunabonyeza chochote ili tusiwe wa mwisho. Mi nikisoma swali nachelewa kidogo kulielewa, nikielewa muda umeisha. Ile ya karatasi aliyosema mwalimu wa fizikia mi naona ni nzuri maana hamna saa na hamna anayejua nimejibu nini isipokuwa mwalimu.

Pia muwe mnatuambia mwisho wa siku jibu lilikuwa lipi na kwa nini, kuna mwalimu anatuacha tunabishana kengele inalia na kesho yake anaanza mada mpya.

fizikia_tu

@dogo_wa_mwisho_nyuma marahaba. Hoja yako nimeichukua yote. Kwizi nyingi za namna hiyo zina mahali pa kuzima saa au kuficha orodha ya washindi, walimu hatuendi huko kwenye mipangilio kwa sababu kelele zinatufurahisha na sisi.

hesabu_kwa_video

Mbona hamna aliyetaja darasa lililogeuzwa? Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia sekondari ya Woodland Park kule Colorado, mwaka 2007 walianza kurekodi vipindi kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wanakosa masomo, baadaye wakaona kumbe hata waliohudhuria wanaangalia, ndo wakageuza, maelezo mtu anayapata nyumbani kwa video na darasani ni mazoezi na maabara, mwalimu anazunguka. Ukilifikiria ni jambo la akili sana maana zamani mtoto anakwama saa mbili usiku kwenye zoezi hamna wa kumuuliza, mchana alipokuwa na mwalimu alikuwa ananakili. Na video ina kitu mwalimu hana, unaisimamisha, unairudisha, haikasiriki.

chaki_bado_ipo

@hesabu_kwa_video na asiye na simu nyumbani? Au ipo simu moja ya nyumba nzima na bando limeisha? Umegeuza darasa umemwacha mtu nje kabla kipindi hakijaanza. Kesho yake inabidi uwafundishe hao upya wakati wenzao wanasubiri, mwisho wa mwezi utajikuta unafundisha mara mbili. Halafu mhadhara ukiwa kwenye video bado ni mhadhara tu, nao una dakika 40 mtoto yuko peke yake na usingizi.

hesabu_kwa_video

Nakubaliana na la kifaa, ndo maana mimi sasa hivi nageuzia humo humo darasani. Tableti mbili tatu nazitenga kona moja zina video niliyorekodi mwenyewe, dakika 5 au 6 basi, ina swali katikati ambalo video inasimama wajibu kwenye daftari. Kikundi kimoja kinaangalia, kingine kinafanya mazoezi ya karatasi kwa jozi, cha tatu nakaa nacho mimi mwenyewe mezani. Baada ya dakika kama 15 wanazunguka. Yaani ile video kazi yake kubwa ni kuninunulia dakika 15 za kukaa na watoto 15 badala ya 45. Hapo kwenye meza yangu ndo najua huyu hajui kujumlisha sehemu, huyu anajua ila anaandika vibaya, huyu ana njia yake sahihi ambayo sijawahi kumfundisha. Mbele ya ubao nisingejua hata moja.

Sio kila kipindi lakini, inachosha kuandaa, nafanya kwenye mada ambazo najua kila mwaka wanapishana sana, wengine wameshaelewa wengine bado wako mada ya nyuma.

Kwa hesabu ongeza GeoGebra, apu ya kuchorea maumbo na grafu, nayo ya bure na unaweza kuiweka kwenye tableti ikafanya kazi bila neti. Usiwaambie pembe iliyo ndani ya nusu duara ni nyuzi 90. Wachore, washike ile nukta ya kwenye duara waiburute wanavyotaka, namba ya pembe haibadiliki, wakuulize WAO kwa nini haibadiliki. Mtoto akikuuliza yeye mwenyewe "kwa nini haibadiliki" umeshashinda nusu ya somo.

fundi_wa_ruta

Mi sio mwalimu, ni fundi, nashughulika na kompyuta za shule. La intaneti ya kusuasua lisikuumize kichwa. Kuna programu ya masomo inaitwa Kolibri, ya shirika linaitwa Learning Equality, imetengenezwa makusudi kwa sehemu zisizo na neti. Unaiweka kwenye laptopu, unapakua masomo mara moja tu ukiwa penye neti nzuri, video, mazoezi, vitabu, afu laptopu inakuwa ndo seva, yaani ndo inayozigawia tableti masomo. Tableti zinaunganishwa kwa waifai ya ruta ya kawaida hata kama ruta yenyewe haina intaneti, watoto wanaingia kwenye brauza. Kila mtoto ana akaunti yake, mwalimu unaona nani amemaliza nini na nani anarudia zoezi lile lile bila kupata. Video za Khan Academy zimo humo.

Mengine madogo madogo yanayoua vipindi. Chaji zote usiku wa kuamkia, usiseme tutachaji asubuhi. Kila tableti iandike namba kubwa mgongoni na kikundi kiwe na namba yake siku zote, tableti ikivunjika unajua pa kuuliza. Kwenye mipangilio ya Android kuna sehemu ya kuibana tableti ibaki kwenye apu moja, hatoki mpaka uweke namba ya siri, iwashe hiyo la sivyo dakika ya tatu utakuta kamera inapiga picha. Vielelezo vya PhET pakua faili lake kabisa, fungua kila tableti ujaribu siku moja kabla. Na apu zozote za mtandaoni usiandikishe watoto majina kamili, tumia namba ya darasani au jina la utani, orodha ya nani ni nani baki nayo wewe kwenye daftari.

sayansi_darasani

Jamani mmenisaidia mno. Fundi umenipa jibu la kitu ambacho hata sikuuliza, la kubana tableti, kamera ndo ugonjwa wao.

Nimeamua hivi. Wiki ijayo naanza sakiti. Nachukua utabiri wa glopu mbili, tableti 8, vikundi 8, aliyeshika haamui. Slaidi itakuwa moja tu ya swali, notsi nitazitoa mwisho kwa karatasi, nusu ukurasa, zenye nafasi ya kujaza wenyewe. La video kona kona bado, nisijibebeshe yote kwa mkupuo.

Swali langu la kura nimeliandika hivi, niangalizieni kabla sijaliingiza: "Glopu mbili zinazofanana zimeungwa mfululizo na betri. A. Glopu ya kwanza inawaka zaidi. B. Ya pili inawaka zaidi. C. Zinawaka sawa kwa sababu mkondo ni ule ule sehemu zote za sakiti. D. Hakuna inayowaka."

Halafu wale wasioongea kabisa, wapo kama wanne, kwenye kikundi cha watano mtu anaweza kunyamaza kipindi kizima hata tableti ikimfikia. Mnawafanyaje?

glopu_mbili

C yako imejijibu yenyewe. Ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo pekee yenye "kwa sababu", mtoto aliyezoea mitihani anaichagua bila kujua chochote kuhusu umeme. Andika "zinawaka sawa" ukomee hapo, sababu waitoe wao wakibishana. D itoe, hamna atakayeichagua, weka badala yake "zinawaka sawa lakini kila moja hafifu kuliko ingekuwa peke yake", hapo sasa utawapasua, maana C na D zote zinasema sawa na itabidi waamue ipi imesema kweli yote. Au kama unaona inawachanganya mapema mno, yabaki matatu, hakuna sheria kwamba lazima yawe manne.

Ukiweka hiyo D mpya hakikisha kwenye kielelezo wanaunga kwanza glopu moja, wanaangalia mwanga wake na kusoma amita, ndo waongeze ya pili. Wakirukia mbili moja kwa moja hawatakuwa na cha kulinganisha.

Wasioongea, mi huwa siwalazimishi kuongea mbele ya watu. Utabiri wao uko kwenye daftari, kwa hiyo nikizunguka nasoma madaftari kimya kimya, nikikuta mmoja wao ameandika kitu cha maana au kitu tofauti na kikundi kizima nawaambia wenzake "hebu msikilizeni mwenzenu aliandika nini hapa" na naondoka, sibaki kumsimamia. Anasoma alichoandika tu, hatungi papo hapo. Wengine wanakaa hivyo muhula mzima ndo waanze, wengine hawaanzi, na madaftari yao yanaonyesha wanafuata vizuri tu.

sayansi_darasani

Nimebadilisha C na D kama ulivyosema. Nimemwonyesha mwalimu mwenzangu wa hesabu hapa ofisini, kachagua C, sasa anabishana na wa kemia aliyechagua D.